JE, NDEGE YAWEZA KURUKA KWA MWALI WA LEZA?

Na Mwalimu wa Fizikia



Muhula huu, katika mkutano wa Chama cha Sayansi cha shule yetu, ulizuka ubishi ambao haukwisha hata kengele ya chakula ilipolia. Mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Tatu alisimama akauliza: "Mwalimu, redio yapata habari bila waya, na paneli ya sola yapata umeme kwa nuru tu. Kwa nini basi ndege ibebe mzigo wa mafuta? Kwa nini tusiweke mtambo wa leza chini, tukaimulikia ndege huko huko angani, ikaruka siku nzima bila kutua?" Wengine walimcheka, wengine walimpigia makofi. Mwisho mwenyekiti aliamuru kura ipigwe. Wanafunzi 31 walisema jambo hilo lawezekana, na 14 walisema ni ndoto.

Mimi nilikaa kimya, na sababu zangu zilikuwa mbili. Ya kwanza, maumbile hayahesabu mikono iliyoinuliwa. Jambo la sayansi haliwi kweli kwa kuwa wengi wamelipenda, wala haliwi uongo kwa kuwa wengi wamelicheka. Ya pili, nilikuwa nimeshughulika na kijana mwingine, aliyetoa mfukoni kijitaa cha leza akaupitisha mwali wake mwekundu usoni mwa wenzake, ati aonyeshe jinsi nuru iendavyo mbali. Nilikichukua kijitaa kile. Naye akaniambia, "Mwalimu, ni kidogo tu."

Neno hilo "kidogo tu" ndilo lililonifanya niandike somo hili. Wale 31 na wale 14 na yule mwenye kijitaa walikosa kitu kimoja: hakuna aliyeuliza *kiasi gani*. Basi na tuulize. Wazazi wanaosoma gazeti hili wasiogope. Hesabu zilizomo ni za kuzidisha na kugawanya tu.

1. MZIGO WA MAFUTA

Aliyeuliza swali hakuuliza upuuzi. Ndege kubwa ya abiria yenye injini mbili, ya namna tunazoziona zikitua katika viwanja vyetu vikubwa, huweza kubeba hadi tani 20 za mafuta matangi yakijaa. Hivyo sehemu kubwa ya nguvu zake huishia katika kubeba chakula chake mwenyewe.

Wengine husema, tutumie betri. Lakini mafuta ya ndege, ambayo ni ndugu wa mafuta ya taa, yana nguvu ya kama kilowati-saa 12 katika kila kilo. Betri nzuri ya lithiamu ina kama robo ya kilowati-saa tu katika kila kilo. Yaani kwa uzito ule ule mafuta yana nguvu karibu mara 50. Ni kweli kwamba mota ya umeme hupoteza kidogo kuliko injini ya mafuta, walakini pengo hilo halizibiki kwa urahisi. Ndiyo maana watu wamefikiri: je, nguvu ikibaki chini, ndege ikabeba mota na paneli peke yake?

2. KWA NINI LEZA, WALA SI KURUNZI?

Washa kurunzi usiku uwanjani. Karibu na mkono wako nuru ni kali. Ukutani mwa bweni, mbali kidogo, imekwisha tawanyika. Nuru ni ile ile, lakini imegawanywa juu ya eneo kubwa. Ndege iliyo mbali ingepata makombo tu.

Leza ni taa ya namna nyingine. Albert Einstein alieleza mwaka 1917 kanuni ambayo baadaye ilizaa taa hiyo, na tarehe 16 Mei 1960 Theodore Maiman aliiwasha leza ya kwanza huko California, Marekani, kwa kutumia kipande cha yakuti. Katika leza mawimbi ya nuru hutoka yakiwa na rangi moja na kwenda pamoja kwa hatua moja, kama askari wa gwaride. Kwa hiyo mwali wake huenda mbali bila kutawanyika sana.

Bila kutawanyika *sana*, nimesema, maana kila mwali hutanuka. Kanuni yake ni hii: mwali hutanuka zaidi kadiri wimbi lake lilivyo refu na kadiri safari yake ilivyo ndefu, na hutanuka kidogo kadiri mdomo wa chombo kinachoutoa ulivyo mpana. Tulinganishe. Leza yenye wimbi la urefu wa sehemu moja ya 1,000 ya milimeta, ikitoka katika lenzi ya sentimeta 30, baada ya kilometa 10 huweza kukusanywa katika doa la kama sentimeta 8, hewa ikiwa tulivu kabisa. Sasa chukua mawimbi ya redio yenye urefu wa sentimeta 12, yatoke katika sahani kubwa ya meta 10. Baada ya kilometa zile zile 10 doa lake litakuwa na upana wa karibu meta 300. Ndege gani ina mabawa ya meta 300?

Hiyo ndiyo sababu leza ilipendwa. Lakini kila sifa ina upande wake wa pili, kama tutakavyoona.

3. YALIYOKWISHA TENDEKA

Jambo hili si hadithi tupu. Mwaka 1964 huko Massachusetts, Marekani, mhandisi William C. Brown aliirusha helikopta ndogo kwa nguvu ya mawimbi ya redio aina ya maikrowevu. Ilikaa kama meta 18 juu, ikiongozwa na kamba ili isipotee njia, kwa muda wa saa 10. Mwaka 1987 Wakanada walirusha ndege ya mfano yenye mabawa ya kama meta 4.5 kwa nguvu ya namna hiyo hiyo.

Kwa leza, mwaka 2000 chombo kidogo kisicho na mabawa kilirushwa huko New Mexico kwa leza ya kilowati 10. Mwali uliipasha moto hewa iliyokuwa chini yake, hewa ikalipuka mara kwa mara, na chombo kikapanda hadi meta 71. Mwaka 2003 Shirika la Anga la Marekani, NASA, lilirusha ndani ya jengo huko Alabama ndege ya gramu 300 hivi, yenye mabawa ya meta 1.5. Mtu alikuwa akiielekeza leza kwenye paneli iliyo chini ya ndege, na umeme uliopatikana ukazungusha rafadha, au pangaboi kama wengine wanavyoiita. Leza ilipozimwa, ndege ilielea taratibu ikatua.

Mwaka 2010 kampuni ya LaserMotive, katika jimbo la Washington, iliifanya helikopta ndogo ya rafadha nne ikae hewani zaidi ya saa 12. Mwaka 2012 kampuni hiyo ilisaidia kuiwezesha ndege ndogo isiyo na rubani iitwayo Stalker iruke zaidi ya saa 48, ingawa ilikuwa ndani ya jengo la kujaribia upepo. Na mwaka 2025 idara ya utafiti wa kijeshi ya Marekani, DARPA, ilipeleka wati zaidi ya 800 kwa leza umbali wa kilometa 8.6, kwa muda wa sekunde 30, kutoka mtambo hadi kipokezi kilichokuwa chini ardhini.

Basi wale 14 waliosema ni ndoto wamekwisha shindwa. Lakini wale 31 wasishangilie bado. Tazameni vizuri orodha hiyo: vyombo vyote vilikuwa vidogo, vingi vilikuwa ndani ya jengo au karibu na taa yake, na hakuna hata kimoja kilichobeba abiria. Je, ni kwa sababu watu hawajajitahidi, au pana sababu nyingine? Hapa ndipo hesabu inapoingia.

4. HESABU YA NDEGE MBILI

Ndege ikiruka kwa usawa, nguvu inayotakiwa kuisukuma ni ukinzani wa hewa mara mwendo wake. Katika ndege ndogo nzuri ukinzani huo ni kama sehemu moja ya 12 ya uzito wake. Katika ndege kubwa ya abiria, yenye umbo laini zaidi, ni kama sehemu moja ya 17.

Kwanza tuone njia inayopita nguvu hiyo. Tuseme tunatia katika mtambo wa chini sehemu 100 za umeme. Leza nzuri hugeuza kama nusu kuwa nuru, basi tumebaki na 50. Hewa safi, lenzi na kukosa shabaha mara moja moja hutupunguzia 10, tumebaki na 40. Paneli ya ndege hugeuza nusu ya nuru hiyo kuwa umeme, tumebaki na 20. Mota na rafadha hupoteza tena, nasi twabaki na 16.

Huenda mtu akasema nimeipunja paneli. Hapana. Paneli ya kawaida juani hupata kama sehemu 20 katika 100, lakini leza ina rangi moja tu, na seli iliyotengenezwa kwa ajili ya rangi hiyo hufanya vizuri zaidi. Mwaka 2021 taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani ilifikia sehemu 68.9 katika 100 katika maabara. Lakini maabara si angani. Katika jaribio la DARPA, hata kwa umbali mfupi zaidi, nguvu iliyotoka katika kipokezi ilikuwa kidogo zaidi ya sehemu 20 katika 100 za nuru iliyotoka katika leza. Hesabu yangu imeruhusu 40. Nimekuwa mkarimu.

*Ndege ndogo.* Tuchukue ndege isiyo na rubani ya kilo 5, iendayo meta 15 kwa sekunde. Uzito wake ni nyutoni 49. Gawanya kwa 12, wapata ukinzani wa nyutoni 4 na kitu. Zidisha kwa 15, wapata wati 61 hivi. Kwa kuwa 16 tu katika 100 hufika, mtambo wa chini wataka wati 380. Hizo hazifiki nusu ya umeme unaoliwa na pasi ya kunyoshea nguo! Na nuru inayoipiga ndege ni wati 150 hivi. Ikienea juu ya mabawa ya nusu meta ya mraba, ni wati 300 kwa kila meta ya mraba. Jua la saa sita mchana hutupa wati 1,000 kwa kila meta ya mraba. Kwa hiyo ndege yetu ndogo haiungui hata kidogo.

*Ndege kubwa.* Sasa chukua ndege ya abiria ya tani 65, iendayo meta 230 kwa sekunde. Ukinzani wake ni kama nyutoni 38,000. Zidisha kwa 230, wapata karibu wati milioni 8.7. Gawanya kwa 16, zidisha kwa 100: mtambo wa chini wataka megawati 55 hivi. Kituo cha umeme cha Mtera, kikifanya kazi kwa nguvu zake zote, hutoa megawati 80. Yaani ndege moja, ikienda tu kwa usawa bila kupanda, ingekula theluthi mbili za Mtera.

Wala si hayo tu. Nuru inayopaswa kuipiga ndege hiyo ni megawati 22 hivi. Mabawa yake yana eneo la kama meta 125 za mraba. Gawanya, nawe utaona kwamba kila meta ya mraba ya bawa ingepigwa na nuru kali kuliko jua la saa sita mara 170 na zaidi. Nusu yake ingekuwa umeme; nusu ya pili ingekuwa joto, nalo lingekaa pale pale kwenye bawa. Kabla hatujauliza kama ndege itaruka, yatupasa tuulize kama bawa litapona.

Kwa nini tofauti hii ni kubwa hivyo? Linganisheni wenyewe. Kutoka ndege ndogo hadi kubwa, nguvu inayotakiwa imeongezeka mara 140,000 na zaidi, lakini bawa la kupokelea nuru limeongezeka mara 250 tu. Mdomo umekua kidogo, njaa imekua mno. Hilo ndilo jambo moja ambalo ningependa kila mwanafunzi alichukue katika somo hili: chombo kikikubaliwa na hesabu kikiwa kidogo, si lazima kikubaliwe kikiwa kikubwa.

Ndiyo maana ndege zirukazo kwa nuru huwa nyepesi, pana na za taratibu. Solar Impulse 2, iliyoizunguka dunia kwa nguvu ya jua kati ya mwaka 2015 na 2016, ilikuwa na mabawa ya meta 72, lakini uzito wake ulikuwa kama tani 2.3 tu, na ilibeba mtu mmoja.

5. WINGU, MVIRINGO WA DUNIA, NA JICHO

Hata tukisema bawa limepona, kuna wapinzani watatu wengine.

Wa kwanza ni wingu. Mawimbi ya redio hupita katika wingu; nuru ya leza huzuiwa. Wakati wa masika twaweza kukaa siku nzima tusilione jua. Siku hiyo leza nayo haitaiona ndege. Basi ndege italazimika kubeba mafuta au betri za akiba ili isianguke wingu likipita. Na ikibeba akiba ya kutosha safari nzima, ule wepesi tuliotafuta umekwenda wapi?

Wa pili ni mviringo wa dunia na unene wa hewa. Tazameni jua la magharibi: mtu huweza kulikodolea macho, ambapo la saa sita halitazamiki, kwa kuwa jioni nuru hupita katika hewa nyingi yenye vumbi na mvuke. Vivyo hivyo mwali wa leza haufai kulala sana. Tukikubali kwamba usishuke chini ya pembe ya nyuzi 30, mtambo mmoja utaihudumia ndege iliyo kilometa 10 juu kwa mwendo wa kilometa 35 hivi, yaani kama dakika mbili na nusu. Kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza ni kama kilometa 850 kwa njia ya angani. Gawanya kwa 35: mitambo 24 au 25, kila mmoja na megawati zake 55, kwa ajili ya ndege moja. Zikiwa ndege mbili njiani karibu karibu, mambo yazidi.

Wa tatu ni jicho, na hapa namrudia kijana wetu wa kijitaa. Jicho lina lenzi. Lenzi hiyo huikusanya nuru ya leza katika nukta ndogo sana kwenye utando wa nyuma wa jicho, mahali tunapoonea. Kijitaa cha kawaida kinapaswa kisizidi milliwati 5, nacho, nuru yake ikikaa jichoni, chaweza kudhuru. Vinavyouzwa sokoni mara nyingine hupita kiasi kilichoandikwa juu yake. Na mwali wa kurushia ile ndege yetu ndogo ya kilo 5, mbali na ile kubwa, ni wati 190 hivi. Huo ni mwali wenye nguvu mara 38,000 ya kijitaa cha milliwati 5.

Tena leza zinazofaa kwa kazi hii aghalabu hazionekani kwa macho. Nuru kali ya kawaida hutufanya tupepese, hii haituonyi. Kuna leza zenye mawimbi marefu zaidi, ambazo sehemu ya mbele ya jicho huzizuia zisifike kwenye utando wa nyuma, nazo ni afadhali, ingawa si kwamba hazina madhara. Kwa sababu hiyo mitambo hii haina budi iwe na walinzi wa umeme, ambao ndege wa porini au helikopta ikikaribia, huuzima mwali kabla haujaguswa.

Basi, wanafunzi, sikieni vizuri: msielekeze kijitaa cha leza usoni mwa mtu, wala mwa mnyama, wala kwenye ndege iliyo angani. Rubani anayetua usiku, mwali ukimpiga, huweza asione njia ya kutulia. "Kidogo tu" kwa mwenye kijitaa si kidogo kwa mwenye jicho.

6. BASI YAFAA WAPI?

Tusiseme haifai kitu. Tuulize inashindana na nani.

Kama kazi ni kuweka kamera meta 100 juu ya mahali pamoja, kuna njia rahisi: waya. Ndege ndogo za rafadha zinazopewa umeme kwa waya kutoka chini zimekwisha tumika, na waya hauogopi wingu. Kama kazi ni kwenda mahali na kurudi, betri yatosha. Huko Rwanda, tangu mwaka 2016, ndege ndogo zisizo na rubani zimekuwa zikipeleka damu hospitalini kwa nguvu ya betri, nazo hurudi kituoni zikapewa betri nyingine. Hazikungoja leza.

Kati ya waya na betri ndipo leza ilipo na nafasi: ndege ndogo inayopaswa kuzunguka mahali pamoja kwa saa nyingi, juu kuliko waya unavyofika, isiyoweza kutua mara kwa mara, na katika nchi yenye anga safi. Mathalan kulinda msitu dhidi ya moto wakati wa kiangazi.

Nafasi ya pili iko juu zaidi, karibu kilometa 20, ambako mawingu mengi yako chini yake. Huko mwaka 2022 ndege ya jua iitwayo Zephyr, isiyo na rubani, ilikaa siku 64 mfululizo. Vyombo vya huko juu vina kazi: mwaka 2020 nchini Kenya maputo yaliyoelea katika tabaka hilo yalitumika kupeleka intaneti, ingawa kazi hiyo ilifungwa mwaka 2021. Taabu ya ndege ya jua ni usiku, maana lazima ibebe betri za kuivusha hadi asubuhi. Leza ikiweza kuimulikia usiku palipo na anga wazi, betri zingepungua. Hilo bado ni tumaini, lakini ni tumaini lisilogombana na hesabu.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Ndege ndogo na nyepesi, karibu na mtambo wake, mbingu ikiwa safi: yawezekana, na imekwisha fanywa. Ndege ya abiria: hapana, wala si kwa sababu sayansi imekosea, bali kwa sababu bawa ni dogo, wingu ni zito, na jicho la binadamu halina badali.

7. JARIBIO NA MASWALI

Jaribio. Usiku, katika chumba chenye giza, weka balbu ndogo isiyo na kioo cha nyuma. Unganisha kipande kidogo cha sola na mita ya umeme iliyowekwa kupima milliampia. Andika mkondo unaopata sola ikiwa meta 1 kutoka balbu, kisha meta 2, kisha meta 4. Ukifanya kwa uangalifu utaona kwamba kwa meta 2 wapata karibu robo, na kwa meta 4 karibu sehemu moja ya 16. Halafu rudisha sola kwenye meta 1, na mwenzako apitishe sufuria yenye maji yanayochemka chini ya njia ya nuru, ili mvuke upite katikati. Huo ndio wingu lako. *Usitumie leza katika jaribio hili.*

Maswali.

(1) Ndege ya kilo 8, yenye ukinzani wa sehemu moja ya 12 ya uzito wake, huenda meta 15 kwa sekunde. Mtambo wa chini wataka wati ngapi, ikiwa 16 tu katika 100 hufika? (Ukipata karibu wati 610, umepatia.)

(2) Tuseme seli za ile ndege kubwa ni zile za sehemu 68.9 katika 100. Nuru inayoipiga ndege itapungua kiasi gani? Na bawa litabaki likipigwa na nuru kali kuliko jua la saa sita mara ngapi?

(3) Kwa mjadala, hata nyumbani pamoja na wazazi: taja chombo kingine kinachofanya kazi vizuri kikiwa kidogo, nacho hushindwa kikikuzwa. Eleza ni kitu gani kilichokua haraka kuliko kingine.

Majibu yaletwe kwenye Chama cha Sayansi kabla ya kufunga shule. Kura ya muhula huu tumeifuta. Muhula ujao, atakayetaka kuinua mkono itampasa kwanza aonyeshe daftari lake la hesabu. Na yule aliyeuliza swali la kwanza, asione haya kwa kuwa ndege ya abiria imekataa. Swali lake limetufikisha mbali kuliko majibu ya wote waliomcheka.

Kijitaa kimo bado katika kabati langu. Mwenyewe akija na jibu sahihi la swali la kwanza, nitamrudishia mbele ya mzazi wake.